Wasihamishwe Nyumbani: Kichekesho cha Televisheni Kinapotaka Kuwa Filamu

Agosti 2025 The Naked Gun ilirudi kwenye kumbi za sinema, Liam Neeson akiigiza mtoto wa yule mpelelezi aliyempa Leslie Nielsen umaarufu wa dunia nzima. Wengi wetu tuliijua kama filamu tangu enzi za kanda za VHS. Chimbuko lake hata hivyo si sinema. Ni Police Squad!, kichekesho cha televisheni cha mwaka 1982 kilichotengenezewa kituo cha ABC cha Marekani. Kilikuwa na sehemu sita tu, na kilikatizwa baada ya nne kuonyeshwa. Miaka sita baadaye watu walewale wakakifanya filamu, ikaingiza takriban dola milioni 78 huko kwao. Habari za namna hiyo zinawatia hamu watu wa fani hata huku Tanga. Kwa vijana wanaopiga video Makorora na Ngamiani, na kwa wakubwa wao waliowahi kupanda jukwaani, neno linalozunguka sasa ni kwamba vichekesho vya zamani ni mtaji uliolala. Wanatajwa Mzee Majuto, wanatajwa Mzee Ojwang na Mama Kayai wa Vitimbi ya Kenya, inatajwa Orijino Komedi ya miaka ile tuliyokuwa tukiwahi nyumbani ili tusiikose.

Wazo hilo nalitetea kwa moyo wote. Kinachonitia hofu ni namna linavyoelezwa, kwa sababu karibu kila anayelizungumza anaanza na safari. Wahusika wapelekwe Dar es Salaam, wapelekwe Dubai, mzee wa Kidigo apotee uwanja wa ndege, mke wake apande ngazi ya umeme. Eti filamu ni kubwa kuliko kipindi, kwa hiyo na mahali pawe pakubwa. Naamini hapo ndipo kazi inapoharibika kabla kamera haijawashwa. Kichekesho cha mfululizo hutuchekesha kwa sababu watu wake wamefungwa pamoja mahali wasipoweza kutoka. Anayetaka kukifanya filamu asiwatafutie mlango wa kutokea. Awabane zaidi.

Tuangalie kwanza kichekesho cha mfululizo kimejengwaje. Katika hadithi ya kawaida mtu huanza hali moja akaishia nyingine: maskini akatajirika, mjinga akaerevuka, mwali akaolewa. Kichekesho cha kila wiki hakina ruhusa hiyo, kwa sababu wiki ijayo watazamaji wanataka kumkuta mtu yuleyule na kasoro yake ileile. Kila sehemu huvuruga mambo kwa nusu saa kisha huyarudisha yalipokuwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Steptoe and Son, kichekesho cha BBC kilichoandikwa na Ray Galton na Alan Simpson, kilichoanza mwaka 1962 na kumalizika mwaka 1974. Ni baba na mwana wanaookota na kuuza makorokoro London. Mwana anataka kuondoka, apate elimu, apate mke, apate maisha yake. Baba anajua namna ya kumzuia: kwa ugonjwa wa kusingizia, kwa machozi, kwa ujanja. Mwana haondoki, na kila tukicheka tunajua hataondoka kamwe. Hali hiyo wenzetu wa Marekani, Sweden na Uholanzi waliielewa vizuri kiasi cha kutengeneza matoleo yao wenyewe kwa lugha zao, kwa sababu mzee anayemng'ang'ania mwanawe yupo kila nchi. Yupo hata Mikanjuni.

Na sisi wa ukanda huu tunayo mifano yetu. Vioja Mahakamani, kilichoanza enzi za Sauti ya Kenya kabla shirika hilo halijaitwa KBC mwaka 1989, kiliishi miaka na miaka ndani ya chumba kimoja. Hakimu yuko juu, mshtakiwa kizimbani, karani na askari mahali pao. Nani angetoka? Sheria yenyewe ndiyo iliyowafunga. Mshtakiwa anaweza kubwabwaja anavyotaka, lakini hawezi kuaga akaenda zake, na hakimu hawezi kuacha kumsikiliza. Tazama ucheshi wote wa pale unavyotoka kwenye jambo hilo moja. Mtu anayejitetea vibaya ukimkuta njiani utamsikitikia, au utampita. Kizimbani, mbele ya watu waliolazimika kumsikiliza hadi mwisho, anachekesha.

Kuna jambo jingine la kwetu linaloeleza haya kuliko televisheni yoyote, nalo ni utani. Babu anamtania mjukuu, mashemeji wanataniana, makabila yenye utani wao yanatupiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema pangechimbika. Mbona hapachimbiki? Kwa sababu uhusiano haukatiki. Mtani hajiuzulu utani. Atakutukana leo na kesho atakuja msibani kwako, azuie jeneza mpaka apewe chochote, na watu watacheka katikati ya kilio huku wakijua kwamba yeye ndiye atakayeshika koleo la kuzikia. Kicheko hicho kina nguvu kwa sababu wahusika wamefungwa na kitu kizito kuliko wao. Ukimwondoa mtani kwenye ujirani na udugu, ukamweka peke yake mbele ya wageni Dubai, kinachobaki ni mtu mwenye maneno makali.

Sasa tuje kwenye historia ya filamu zenyewe, maana jambo hili limekwisha kujaribiwa mara nyingi na matokeo yake yanaonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sinema ya Uingereza ilikuwa taabani. Fedha za kampuni za Marekani, zilizokuwa zikiibeba katika muongo uliotangulia, zilipungua sana. Watayarishaji wakatafuta kitu rahisi chenye watazamaji tayari, wakakiona kwenye vichekesho vya televisheni. Nyumba nyingi bado zilikuwa na televisheni nyeusi na nyeupe, hivyo ukumbi ulitoa angalau rangi. Mwaka 1971 Hammer, kampuni iliyojulikana kwa filamu za kutisha, ikatoa On the Buses, iliyotokana na kichekesho cha dereva na kondakta wa basi, na ikawa miongoni mwa filamu zilizoingiza fedha nyingi zaidi nchini humo mwaka huo. Filamu hiyo ya kwanza ilibaki gereji na nyumbani: dereva, mama yake, dada yake, shemeji yake, na inspekta anayewachukia. Iliyofuata mwaka 1972 ikabaki hapohapo kwa sehemu kubwa. Ya tatu, mwaka 1973, ikawahamishia kwenye kambi ya mapumziko, na hapo ndipo mfululizo huo wa filamu ulipokoma.

Mtindo huo wa kuwapeleka likizo ukawa kama sheria. Filamu ya Steptoe and Son ya mwaka 1972 iliwapeleka Hispania. Are You Being Served?, kichekesho cha wauzaji wa duka kubwa, mwaka 1977 kiliwatoa dukani kikawapeleka ufukweni. Hii ya pili ndiyo iliyonifunza zaidi. Dukani wale watu walikuwa na ngazi: mkuu wa sakafu, wauzaji wakubwa, wauzaji wadogo, kila mmoja akilinda kiti chake kwa wivu. Mizaha yote ilikuwa ya cheo. Ufukweni hakuna cheo. Wamevaa kaptula wote sawa, na yule aliyekuwa akichekesha kwa kujikweza hana pa kujikwezea. Mwandishi alilazimika kuwaletea wanamapinduzi wenye bunduki ili kitu kitokee, jambo ambalo dukani lisingehitajika, maana pale mteja mmoja mwenye suruali iliyombana aliwatosha kwa nusu saa nzima.

Haki inadai nitaje upande wa pili, na wenye upande huo hawaongei ovyo. Hoja yao kubwa ni Mr. Bean. Mfululizo wake wa televisheni ulikuwa na sehemu 15 tu, kati ya mwaka 1990 na 1995. Filamu ya kwanza, ya mwaka 1997, ilimtoa London ikampeleka Los Angeles. Ya pili, ya mwaka 2007, ikampeleka Ufaransa hadi Cannes. Kila moja iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Wanaongeza The Inbetweeners, kichekesho cha vijana wanne wa shule cha Uingereza ambacho mwaka 2011 kilitolewa filamu ya likizo huko Krete, nayo ikaingiza zaidi ya pauni milioni 45 nchini mwao pekee. Ikiwa safari inaua kichekesho, wanauliza, hawa walifufukaje?

Jibu langu ni kwamba hawa hawakutoka. Mr. Bean hafungwi na nyumba yake. Amefungwa ndani ya mwili wake mwenyewe, ndani ya ukimya wake na ukaidi wake wa kitoto. Popote unapompeleka anakwenda na jela yake, na mtoto wa Pongwe anamcheka sawasawa na mtoto wa London kwa sababu hakuna lugha wala cheo cha kukosa. Wale vijana wanne nao wamefungwa na umri na urafiki wao: kila mmoja anawadanganya wenzake kwamba yeye ni mtu mzima, na kila mmoja anajua mwenzake anadanganya. Likizo haikuufungua mkataba huo. Iliubana, kwa sababu walikuwa chumba kimoja, mbali na wazazi, bila kisingizio. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kukata tiketi ya ndege si kama mahali papya panavutia. Ni nini hasa kinachowafunga watu hawa? Kama ni mahali, usipaguse. Kama ni cheo, nenda pale ambapo cheo kinafuata. Kama ni mwili wa mtu mmoja, hapo uko huru kuliko wengine wote.

Na Police Squad! niliyoanza nayo? Hiyo nayo inafundisha, ingawa si kile kinachosemwa. Mkuu wa ABC alieleza wakati ule kwamba tatizo la kipindi lilikuwa kumtaka mtazamaji akitazame kwa makini. Watu walimcheka kwa kauli hiyo, lakini alikuwa amegusa ukweli. Mizaha mingi ya kipindi kile ilikuwa nyuma ya wahusika, pembeni ya picha, kwenye maandishi ya mlangoni. Televisheni ya sebuleni hutazamwa huku mtu anachambua mchele, anajibu hodi, anamnyamazisha mtoto. Ukumbini mtu amekaa gizani na macho yake hayana pengine pa kwenda. Waandishi hawakuwabadilisha watu wao wala hawakubadilisha namna ya kuchekesha. Walihamishia kazi ileile mahali ambapo ingeonekana. Kwa sisi, ambao watazamaji wetu wengi sasa wanatazama kwenye simu wakiwa ndani ya daladala, na wengine bado wanakaa kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, kwa shilingi chache, swali la nani anatazama wapi ni zito kuliko swali la wahusika waende wapi.

Kuna hoja ya tatu, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa. Inasema vichekesho vya zamani vilikosa picha nzuri tu. Tukipata kamera za kisasa, droni ya kuonyesha bandari na Raskazone kutoka juu, na taa za kutosha, filamu imekwisha. Sioni ushahidi wowote wa jambo hili. Vioja Mahakamani kilikuwa na meza, kizimba na ukuta. Vichekesho vya Mzee Majuto vilipigwa uani kwa kamera za kawaida kabisa na watu walivitazama mpaka kanda zikakwaruzika. Tena picha nzuri inaweza kuudhuru ucheshi moja kwa moja. Mwongozaji mwenye kamera ya bei hupenda kusogea usoni, aonyeshe jasho na mboni. Kichekesho kinataka watu wawili waonekane kwa pamoja kuanzia miguuni hadi kichwani, ili tumwone anayesema uongo na anayeusikiliza kwa wakati mmoja. Ukikata kutoka uso hadi uso, umeua kile kitambo kidogo ambacho kicheko huzaliwa ndani yake. Mwenye fedha za ziada azitie kwenye sauti. Nyumba zetu ni za bati, bodaboda hazilali, adhana inaingia, jirani anatwanga. Neno likipotea, mzaha umepotea, na droni haitaurudisha.

Wapo pia wanaosema kisiguswe chochote. Wanasema Mzee Majuto, yaani Amri Athuman, mtoto wa Tanga aliyetutoka tarehe 8 Agosti 2018, hana mbadala, na anayejaribu kumwiga anamkosea marehemu. Nawaheshimu hawa kuliko wale wa droni. Ni kweli kwamba katika vichekesho vyetu mhusika na mtu ni kitu kimoja. Galton na Simpson waliandika maneno, waigizaji wakayasema. Kesho akija mwigizaji mwingine maneno yapo. Kwetu kichekesho kilizaliwa jukwaani bila muswada. Kikundi kinakubaliana kisa, kila mmoja anaingia na mtu wake aliyemkuza miaka mingi, na maneno yanapatikana palepale kwa kutazama watazamaji. Majuto alikuwa Majuto katika kila kisa alichoingia. Ndiyo maana siungi mkono kutafuta kijana anayefanana naye, avalishwe kanzu na kofia, akoroge sauti. Hilo litakuwa maonyesho ya kuigiza mtu, na litachosha ndani ya dakika kumi.

Hata hivyo kutogusa kabisa nako kuna gharama yake. Vichekesho vya Kiswahili siku zote vimerithishana. Kabla ya televisheni kufika Tanzania Bara mwaka 1994 watu walicheka redioni na Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, na vikundi vya maonyesho vilizunguka mikoani na vichekesho vyao katikati ya ngoma, sarakasi na taarabu. Vingi vya vile vya jukwaani havikurekodiwa. Vilivyorekodiwa kwenye kanda vinaota ukungu kwenye makabati ya pwani, ambako unyevunyevu hauna huruma na utepe. Nimeona kanda za aina hiyo, na zile zilizoharibika hazina nakala. Filamu mpya iliyofanywa kwa heshima inaweza kuwafanya watu watafute za zamani, zitolewe kabatini, zihamishiwe kwenye hifadhi ya kudumu wakati bado zinasomeka. Kukaa kimya hakulindi kitu.

Kinachoweza kurithiwa bila kumwiga mtu ni uhusiano. Mzee mwenye hila anayedhani wote nyumbani hawamwoni, mke anayeona kila kitu na kuchagua wakati wa kusema, kijana anayehitaji fedha za mzee na hawezi kumkosea, jirani anayejua siri za wote. Hao si mali ya mwigizaji mmoja. Ni watu wa uani, na kila kizazi cha waigizaji wa Tanga kinaweza kuwajaza kwa namna yake.

Na uani ndio ninaotaka kuuzungumzia kwa kirefu, kwa sababu naamini Tanga tumekalia mandhari bora ya kichekesho bila kuitambua. Nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani, moja ya zile zilizo kwenye barabara zetu za namba, ina korido katikati, vyumba huku na huku, kibaraza mbele na uani nyuma. Vyumba sita, familia sita, jiko la mkaa kila mlango, choo kimoja, bomba moja, luku moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Hakuna mwandishi aliyebuni jela ya kuchekesha kuliko luku ya pamoja. Nani amewasha pasi? Nani ana friji na anasema ni kabati? Nani hulipa elfu mbili na kutumia elfu tano? Wapangaji hawa hawawezi kuhama kwa sababu kodi ya miezi sita imekwisha lipwa, mwenye nyumba hawezi kuwafukuza kwa sababu kodi hiyo ameshaila, na wote wanasalimiana asubuhi kwa unyenyekevu wa Kitanga usioficha kitu: shikamoo ya mtu aliyekusema usiku kucha huku ukuta wa chumba chako haufiki darini. Lugha yenyewe ya hapa imeumbwa kwa mambo hayo. Mtu wa Tanga hakutukani. Anakuvalia kanga yenye fumbo, anakusifu mbele za watu kwa sifa inayochoma. Hatukuukuza ustadi huo mahali penye nafasi ya kukimbiana. Tuliukuza mahali ambapo kesho lazima mkutane bombani.

Hapo ndipo filamu inapotofautiana na kipindi, na hapo ndipo ubunifu unapohitajika. Filamu ya dakika 90 haiwezi kuwa sehemu tatu zilizounganishwa. Lazima kitu kiwe hatarini ambacho kipindi cha wiki hakikuthubutu kukigusa. Wanaopendelea safari wanaliona hili, na wako sahihi kuliona; wanakosea dawa yake. Dawa ni kuitia hatarini jela yenyewe. Mwenye nyumba afariki. Warithi waje, mmoja kutoka Muheza, mmoja kutoka Mombasa, mmoja asiyejulikana na yeyote. Mirathi haijagawanywa, lakini mnunuzi anakuja kuitazama nyumba kabla ya magharibi. Wapangaji wana siku moja. Ghafla wale waliokuwa wakigombea luku wanagundua kwamba hawana mahali pengine duniani ambapo wanajulikana kiasi hicho, na wakati huohuo kila mmoja anajaribu kufanya mapatano ya siri na mrithi mmoja nyuma ya mgongo wa wenzake. Hakuna anayetoka nje ya kibaraza kuanzia alfajiri hadi isha. Hicho ni kichekesho kilekile cha kila siku, lakini kimepandishwa hadi mahali pa mwisho. Mwishoni nyumba inaweza kuuzwa au isiuzwe. Filamu ina haki ya kuamua, kwa kuwa wiki ijayo haipo. Nimetoa kisa hiki kama kielelezo tu, atakayekipenda akichukue.

Kuhusu gharama, nyumba moja na siku moja ni nafuu kuliko ndege, na hilo halihitaji maelezo. Kuhusu haki, linahitaji. Mwaka 2018, miezi michache kabla ya kifo cha Mzee Majuto, waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na mikataba ya mzee wetu ndiyo iliyokuwa mbele ya watu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na upande wa hakishiriki, yaani haki za wanaoigiza na kutumbuiza, unamhusu mwigizaji moja kwa moja. Lakini sheria humsaidia mwenye karatasi, na vichekesho vilivyopatikana kwa mdomo palepale jukwaani mara nyingi havikuacha karatasi yoyote. Atakayechukua jina, sura au kauli ya msanii wa zamani bila kuongea na familia yake anachukua cha watu, hata kama hakuna atakayemshitaki. Ninaposhauri uchukuliwe uhusiano na si mtu, mojawapo ya sababu zangu ni hiyo. Mzee mwenye hila na mkewe mwerevu hawana mrithi wa kulalamika. Kauli ya Majuto inaye.

Lipo suala la mapigo ya kicheko ambalo watu wa kamera hulisahau. Vichekesho vingi vya Uingereza vya enzi ile vilirekodiwa studio mbele ya watazamaji walio hai, na waigizaji waliwasubiri wacheke kabla ya neno linalofuata. Majuto na kizazi chake walijifunza vilevile, mbele ya watu, jukwaani. Kijana anayejifunza leo peke yake mbele ya simu hajui neno lake linachukua muda gani kufika kwa watu mia mbili, kwa hiyo anakimbilia neno jingine, anapiga kelele, anaanguka chini. Halaumiwi, kwa kuwa hakuna aliyempa watu. Ndiyo maana sioni sababu ya filamu ya namna hii kuanza na kamera. Bagamoyo, safari ya nusu siku kutoka hapa, ipo TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981 na chenye jukwaa na walimu wanaojua maigizo ya jukwaani. Waigizaji wa Tanga wakae nao wiki kadhaa, kisa kijengwe kwa kuigiza papo kwa papo kama ilivyokuwa desturi, na ndipo mwandishi akae aandike yale yaliyochekesha. Kisha kichezwe chote kama mchezo wa jukwaani kwenye uwanja wa Tangamano, mbele ya watu wa hapa, kwa kiingilio kidogo au bure. Wakicheka pale mwongozaji hakupategemea, apaache papumue. Wakinyamaza pale alipopategemea, apakate, hata kama ndipo alipoandika mwenyewe. Kamera iwashwe baada ya hapo, uani kwenye nyumba ya kweli yenye wapangaji wa kweli, waliolipwa kwa kupisha vyumba vyao.

Watayarishaji wa Dar watauliza kama watu wa Mwanza au Kigoma wataelewa mafumbo ya Ngamiani. Wataelewa. Walimwelewa Mzee Ojwang aliyezungumza Kiswahili cha lafudhi ya Kijaluo, na hawakuwahi kuomba ahamie kwao.